Kitabu cha Kushika Mbele ya Wazee

Kanisa letu la Rangwe lina kasisi, lakini kasisi huyo ana makanisa mengine ya kuzungukia, kwa hivyo Jumapili nyingi anayesimama mimbarini ni baba yangu. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mwanglikana, mhubiri mlei tangu nikiwa darasa la pili. Chuo cha theolojia hajakanyaga. Ana Muma, yaani Biblia ya Dholuo, ambayo jalada lake fundi viatu alilishona upya. Ana Biblia ya Kiswahili, ana kalenda ya masomo ya mwaka, na ana madaftari ya shule aliyojaza mahubiri kwa kalamu ya bluu, kisha akapiga mistari kwa nyekundu, kana kwamba bado anasahihisha insha za watoto.

Kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuniomba kitabu. Huniomba dawa ya presha, betri za redio na kredo ya simu. Halafu Machi mwaka jana akanitumia ujumbe kwa WhatsApp: "Nyathina, nitafutie komentari. Moja tu, lakini iwe nzuri. Nataka kitabu ambacho nikikishika mbele ya wazee hawatasema ni mawazo yangu."

Komentari, kwa asiyeijua, ni kitabu cha ufafanuzi wa Biblia. Kinafuata maandiko sura kwa sura, wakati mwingine mstari kwa mstari, kikieleza neno fulani lilimaanisha nini kwa watu wa wakati ule, desturi fulani ilikuwaje, na mhubiri wa leo afanye nayo nini. Ziko nyingi ajabu. Kuna za juzuu moja na kuna za kujaza ukuta. Ukiingia dukani ukaulizia "komentari nzuri" ni kama kuingia Gikomba ukaulizia "nguo nzuri". Utaulizwa: ya kuvaa wapi?

Nikampigia Baba nimuulize ya kuvaa wapi.

Baba mdogo, ndugu yake wa kumfuata, alikuwa amefariki Novemba. Aliacha mke, watoto watatu, na nyumba ya mabati ambayo pembe moja ya paa inavuja. Mvua ya masika ilikuwa inakaribia. Mama Mdogo akaita fundi. Fundi akaja, akatazama paa, akauliza swali moja tu, "Umeshamalizana na wazee?", akaondoka bila kupanda ngazi.

Kama wewe si wa kwetu, hapo panataka maelezo. Kwa mila ya Wajaluo mjane ni chi liel, mke wa kaburi. Kifo hakivunji ndoa yake. Ndugu wa marehemu, au binamu anayehesabiwa kuwa ndugu, humchukua kwa niaba ya aliyekufa. Hiyo ndiyo tero, na mwanamume huyo huitwa jater. Watoto watakaozaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Mpaka hilo litendeke, kuna mambo mjane hapaswi kuyagusa, likiwemo kujenga nyumba. Akiyagusa, watu huogopa chira, ile laana inayomkondesha mtu mpaka anaisha.

Mila hiyo ilikuwa na kazi yake. Mjane hakufukuzwa bomani, na watoto hawakupoteza shamba la baba yao. Lakini Homa Bay ya leo ina hesabu nyingine. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima katika kaunti yetu wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 4.9. Kuna wanaume ambao hulipwa kuifanya kazi ya jater, kisha wanahamia kwa mjane mwingine. Kuna familia zilizotafuta njia ya katikati: wanatundika koti la mwanamume ndani ya nyumba na kusema yametosha. Wazee wetu walikataa koti. Walitaka binamu fulani, mwenye mke na watoto wake.

Kilichomfanya Baba atafute kitabu ni kwamba wazee hawakuja na mila peke yake. Walikuja na Biblia. Walifungua Kumbukumbu la Torati 25, mstari wa 5 hadi wa 10, pale ambapo ndugu wa marehemu anaagizwa amchukue mjane. Halafu wakaenda Ruthu. "Boazi alikuwa nani," mzee mmoja akamwambia, "kama si jater?"

Hilo si swali la kijinga. Mjaluo akisoma Ruthu haoni nchi ya mbali. Anaona kwao: njaa, kuhama, msiba, shamba la marehemu, wazee wameketi langoni wakiamua. Wamishonari walipoileta Biblia hapa ilibidi watueleze mambo mengi, lakini hilo halikuhitaji kuelezwa.

Ibada ya kumbukumbu ilipangwa Agosti. Baba ndiye angehubiri, na kila mtu alijua atahubiri juu ya nini hata akikaa kimya. Kwa hivyo nilikuwa natafuta kitabu cha siku hiyo.

Nikaanza na simu, kwa sababu simu ndiyo maktaba ya wahubiri wengi ninaowajua. Ukipakua programu ya bure ya Biblia kama MySword, unaweza kuongeza humo Matthew Henry, John Gill, Adam Clarke, na ile ya Jamieson, Fausset na Brown, bila kulipa hata shilingi. Nilifurahi kwa dakika kumi. Halafu nikatazama miaka. Henry alifariki 1714. Gill, 1771. Clarke, 1832. Ile ya watu watatu ilitoka 1871. Ni za bure kwa sababu haki zake za uandishi ziliisha zamani.

Hilo lilinikalia kichwani wiki nzima. Tukiwa Nairobi tunapenda kucheka mahubiri ya kijijini, tunasema yamepitwa na wakati. Lakini tazama hesabu: mhubiri asiye na pesa anapewa karne ya 18 bure, na karne ya 21 anauziwa. Kama mahubiri ya kwetu yananukia Uingereza ya kale, sehemu ya sababu ni bei.

Sisemi Matthew Henry hafai. Alikuwa mchungaji wa mji wa Chester, alianza kuandika mwaka 1704, na alipofariki alikuwa amefika Matendo ya Mitume. Sehemu iliyobaki ilimaliziwa na wachungaji wenzake. Kwa hivyo ukimsikia mtu akisema "Matthew Henry anasema" kuhusu Warumi, ujue anayesema ni mwingine. Kuhusu mstari wetu, alinipa kitu cha maana. Anarudi nyuma hadi Mwanzo 38, kwa Yuda na Tamari, kuonyesha kwamba desturi hii ilikuwepo kabla ya sheria ya Musa. Ukienda huko unakuta ukoo ukiitumia desturi hiyohiyo kumfungia mjane: Tamari anaambiwa arudi kwa baba yake, angoje, na wakati hakuna anayekusudia kumtimizia. Nikamtumia Baba. Akajibu kwa alama ya dole gumba, na kwa mtu wa umri wake hiyo ni hotuba.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Henry hangeweza kulijua. Mke wake wa kwanza alikufa kwa ndui mwaka 1689. Mwaka uliofuata akaoa tena. Hakuna mzee wa Chester aliyekwenda kumwuliza atarithiwa na nani, wala fundi hakukataa kupanda juu ya paa lake.

Huku nyumbani jirani yetu, mzee wa Kisabato, alikuwa amesikia. Waadventista wana historia ndefu upande wetu: mwaka 1906 Arthur Carscallen alifika Gendia, karibu na Kendu Bay, akiwa na Peter Nyambo kutoka Malawi, na mpaka leo Gendia kuna nyumba yao ya uchapishaji, Africa Herald. Mzee huyo anayo komentari ya Waadventista ya juzuu saba, iliyotoka kati ya 1953 na 1957. Akamwambia Baba achukue mbili: ya kwanza, inayoishia Kumbukumbu la Torati, na ya pili, yenye Ruthu. Baba alizisoma usiku, akazisifu, kisha akazirudisha. "Nikisimama na hizi," akaniambia, "watasema Mwalimu amekuwa Msabato, na hakuna atakayesikia la pili. Ningeshika ya kutoka Asumbi, wangesema nimekuwa Mkatoliki."

Hapo alinifundisha jambo ambalo sikuliona mahali popote nilipotafuta ushauri. Kila komentari ina kanisa lake, hata ile isiyoliandika kwenye jalada. Soma za wengine ujifunze, lakini ya kusimama nayo lazima ujue inasimama wapi.

Nikaenda kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, wale tunaowaita inama kwa sababu lazima uiname uchague. Nilipata juzuu mbili za William Barclay wa Scotland. Lugha yake nyepesi, mtu anaelewa, bei ya chai na mandazi. Lakini mfululizo ule ni wa Agano Jipya. Ruthu hayumo. Nilinunua moja bado, kwa sababu mimi ni mimi.

Kufikia hapo nilikuwa nimejitengenezea kipimo, na nakupa bure. Usianze na Yohana 3:16, wala Zaburi 23. Hapo kila komentari ni nzuri. Fungua mstari unaowauma watu wako, ule ambao ukisomwa kanisani kuna mtu anainamisha kichwa. Tazama mwandishi anafanya nini. Wengine wanapita haraka. Wengine wanakueleza sarufi ya Kiebrania kurasa mbili na kukuacha palepale. Anayefaa ni yule anayesimama hapo, anayejua kwamba kuna mtu ameketi kwenye benchi akiwa na mstari huo ndani ya nyumba yake.

Nikakitumia kipimo hicho katika duka moja la vitabu vya Kikristo katikati ya jiji, juu ya kitabu kizito kama tofali: Africa Bible Commentary. Kilitoka mwaka 2006. Mhariri wake mkuu alikuwa Tokunboh Adeyemo, Mnigeria aliyefanya kazi Nairobi miaka mingi, na waandishi wake ni wasomi 70, wote Waafrika. Ni Biblia nzima katika juzuu moja, kurasa zaidi ya 1,500, na katikati ya ufafanuzi kuna makala fupi juu ya mambo ambayo Chester haikuyawaza: uchawi, UKIMWI, kurithiwa kwa wajane.

Sehemu ya Ruthu imeandikwa na Isabel Apawo Phiri. Ni mwanamke, tena kutoka Malawi, nchi ambako kurithiwa kwa wajane kunajulikana vilevile. Niliisoma nimesimama, nikahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, mlinzi akinizunguka. Sikuwa nimewahi kusoma ufafanuzi wa Biblia ulioandikwa na mtu ambaye angeweza kuwa shangazi yangu.

Kina mipaka yake. Kitabu kimoja kinachobeba Biblia nzima hakina nafasi, na mahali pengine unapewa aya moja pale ulipotaka kurasa kumi. Kiko kwa Kiingereza, kwa hivyo Baba asome Kiingereza, awaze Dholuo, ahubiri Dholuo. Waandishi wake ni wa mrengo wa kiinjili, na ni vizuri kulijua hilo unapokisoma. Na bei yake ilinifanya nikirudishe rafuni mara mbili. Mwishowe nililipa nusu, nusu ikangoja mshahara.

Wakati nikingoja, rafiki yangu anayesoma theolojia Limuru aliniazima kitabu cha Mkenya Musimbi Kanyoro, cha mwaka 2002. Si komentari. Kanyoro alikwenda kijiji cha Bware, magharibi mwa Kenya, akaketi na wanawake wakasoma Ruthu pamoja, kisha akaandika juu ya waliyoyasema. Nilipokimaliza nikaona pengo katika mpango wetu wote. Tulikuwa tumemuuliza Mwingereza wa 1704, tumewauliza Waadventista, tumewauliza Waafrika 70. Mama Mdogo hatukuwa tumemuuliza.

Pasaka nilikibeba kitabu nyumbani mwenyewe, kwenye mapaja kutoka Nairobi hadi Homa Bay, kisha kwenye boda hadi Rangwe. Jioni tuliketi watatu. Mama Mdogo alikuwa akichambua omena kwenye uteo. Baba akasoma Ruthu yote kwa Dholuo, milango minne, taratibu, kwa sauti yake ya darasani. Mimi nilikuwa natafsiri vipande vya komentari. Alipomaliza, Mama Mdogo hakuinua macho kutoka kwa omena.

"Wazee wanasoma mlango wa nne wanaruka wa tatu," alisema. "Ruthu hakuchukuliwa. Alikwenda mwenyewe, usiku, kwa miguu yake, akamwambia yule mwanamume anachotaka. Mimi sijakwenda kwa mtu."

Tukanyamaza.

"Na yule ndugu wa karibu zaidi, aliyeambiwa amchukue akakataa. Alipatwa na chira gani? Soma tena, Mwalimu. Alivua kiatu akaenda zake."

Baba alisoma tena. Halafu akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye daftari, na pembeni, mahali anapoandika jina la kitabu alikotoa wazo, akaandika jina lake.

Agosti kulikuwa na hema, viti vya kukodi, na watu wengi kuliko chakula. Baba alikishika kile kitabu kama alivyotaka, kwa mikono miwili. Lakini alianza kwa kusoma sheria yenyewe, Kumbukumbu 25, neno kwa neno, kisha akauliza maswali kama mtu anayesahihisha mtihani. Sheria hii ni ya mtu aliyekufa akiwa na mwana au bila mwana? Bila mwana. Ndugu yangu ameacha wana wangapi? Wawili, wale pale. Ndugu wa marehemu akikataa, ni nani anayekwenda langoni kwa wazee kusema? Mjane. Basi katika sheria hii mjane ana mdomo. Kisha akaenda 1 Wakorintho 7, mstari wa 39, ambapo Paulo anamwacha mjane huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. "Aliye huru kutaka," akasema, "yuko huru pia kutotaka."

Mzee mmoja aliinuka. Kwetu mhubiri anaweza kuulizwa. "Mwalimu, hiyo kitabu ni ya nani?"

"Ya Waafrika sabini," Baba akajibu. Watu wakacheka. "Sehemu ya Ruthu ni ya mama mmoja wa Malawi." Wakacheka tena, kidogo. "Lakini lile la yule ndugu aliyekataa na hakupatwa na kitu, hilo silo la kitabu. Hilo nimepewa na mwenye boma hili."

Vichwa vyote viligeuka. Mama Mdogo alikuwa amekaa na wanawake, mikono kwenye mapaja, anatazama mbele.

Wazee wawili waliondoka kabla ya chakula, na kwetu hilo ni neno zito. Binamu aliyekuwa amepangiwa kuwa jater alibaki, akala sahani mbili, akaondoka na mke wake wakiongea.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Paa lilitengenezwa Septemba, na fundi kijana ambaye si wa huko. Mvulana mdogo alipougua malaria Oktoba, kuna waliosema walijua. Kwenye chama chake kuna wanawake wawili ambao bado hawakai karibu naye. Baba naye kuna boma ambalo halimwiti tena kuombea watoto. Hakuna komentari inayoandika hayo pembeni ya mstari, kwamba ukiuhubiri mstari huu utapoteza kikombe cha chai kwa fulani.

Kama siku moja utaambiwa "wewe ndiye umesoma, utatuletea neno", ukajikuta na simu iliyojaa vitabu vya bure na Jumapili inakuja, chukua mzee mmoja wa zamani, kwa sababu walisoma kwa uvumilivu kutuzidi. Chukua mmoja wa karibu na kwenu, hata kama utalipa nusu nusu. Azima wa jirani wa kanisa lingine, ujue mnatofautiana wapi. Halafu kabla hujaandika, keti na mtu ambaye mstari huo unamhusu, umsomee polepole, umwache aseme.

Kile kitabu, kwa habari yako, hakikai tena kwa Baba. Mama Mdogo alikiazima baada ya ibada. Jioni binti yake wa gredi ya nane humsomea Kiingereza na kumtafsiria Dholuo, na mahali wanapobishana na mwandishi wanaweka kipande cha gazeti. Baba akitaka kuandaa mahubiri hutuma mtoto akakichukue. Juzi mtoto alirudi mikono mitupu. Ameambiwa Mwalimu asubiri, hawajamaliza Ayubu.